Kisanduku cha Data Nyumbani: Wakaazi Wahimizwa Kuufunga Mlango wa Intaneti

Kati ya tarehe 23 na 24 Juni 2021, watu katika nchi mbalimbali walifungua kompyuta zao wakakuta jambo wasiloweza kulielewa. Visanduku vyao vya kuhifadhi data, vya aina ya My Book Live kutoka kampuni ya Western Digital ya Marekani, vilikuwa vinawaka taa kama kawaida. Diski zilikuwa nzima. Lakini ndani hamkuwa na kitu. Picha za watoto, video za sherehe, hesabu za biashara na hati za miaka mingi zilikuwa zimefutika, kana kwamba kisanduku ndiyo kwanza kimetoka dukani. Baadhi ya wenyewe walipojaribu kuingia katika ukurasa wa usimamizi, nywila zao zilikataliwa.

Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani mwao. Hawakuwa wamebofya ujumbe wa ulaghai wala kumpa mtu nywila. Amri ya kufuta kila kitu ilitumwa kutoka mbali kupitia intaneti, na kifaa kikaitii.

Kisa hicho kinamhusu pia mkaazi wa kaunti hii. Visanduku vya namna hiyo, vipya na vya mtumba, vinauzwa madukani na mitandaoni hapa Kenya, na intaneti ya faiba imeingia katika nyumba, shule na biashara nyingi ambazo miaka michache iliyopita hazikuwa nayo. Makala haya yanaeleza kifaa hicho ni nini, wadukuzi hukiingiaje, na mwenye nacho anapaswa kufanya nini kabla hajapoteza kitu.

Kisanduku hiki ni kipi?

Wauzaji hukiita NAS. Kwa macho ni kisanduku kidogo, kimoja kama kitabu kinene, kingine kama redio ya mezani, chenye diski moja, mbili au zaidi ndani yake. Hakichomekwi kwenye kompyuta kama flashi. Huunganishwa kwa waya kwenye rauta, yaani kile kifaa kinachogawa Wi-Fi nyumbani. Kikishawaka, kila aliye kwenye mtandao wa nyumba hiyo na aliyepewa ruhusa anaweza kuweka na kuchukua faili kwa simu au kompyuta yake.

Manufaa yake ni ya kweli. Mpiga picha za harusi anaweza kuweka humo kazi za wateja za miaka mitano. Shule huweka matokeo ya mitihani na kumbukumbu za karo. Kliniki huweka rekodi za wagonjwa, wakili huweka mikataba, kanisa au msikiti huweka video za mahubiri na mawaidha. Katika familia, humo ndimo zinamokaa picha za marehemu nyanya, nakala za hatimiliki ya shamba na vyeti vya kuzaliwa. Hakuna ada ya kila mwezi, na faili hupatikana bila kula bando.

Tatizo huanza na jinsi watu wanavyokifikiria kifaa chenyewe. Wengi hukichukulia kama kabati la chuma: ukishaweka kitu na kufunga, kimetulia. Kumbe kisanduku hicho ni kompyuta kamili. Kina prosesa, kina kumbukumbu na kina programu zinazokiendesha. Huwaka saa 24, mara nyingi kikiwa nyuma ya televisheni au juu ya kabati, na mwenyewe anaweza kumaliza mwaka mzima bila kufungua ukurasa wake wa usimamizi.

Programu hizo huandikwa na watu, na watu hukosea. Kosa likimwezesha mtu asiyehusika kuingia au kutoa amri, hapo pana ufa wa kiusalama. Mtengenezaji mwangalifu huziba nyufa kwa kutoa masasisho. Lakini kila kifaa kina umri wake. Siku itafika ambapo kampuni itaacha kukihudumia, ilhali diski bado inazunguka na taa bado inawaka.

Mlango hufunguliwaje?

Kisanduku kilicho ndani ya nyumba, kikitumiwa na watu wa nyumba hiyo pekee, hakionekani kwa urahisi kutoka nje. Rauta hufanya kazi kama bawabu wa langoni. Huwaruhusu walio ndani watoke kwenda kutafuta tovuti na kurudi na walichokitafuta, lakini mgeni anayebisha kutoka nje bila kualikwa huachwa nje.

Bawabu huyo anaweza kuamriwa afungue. Hilo hutokea kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mwenyewe au fundi wake kufungua mlango kwa makusudi. Mwenye biashara anataka kufikia faili zake akiwa safarini Nairobi au Mombasa, basi fundi anaiambia rauta kwamba kila anayebisha kwenye mlango fulani apelekwe moja kwa moja kwa kisanduku. Mwenye biashara hupata anachotaka. Ila mlango haumtambui mwenyewe, humfungukia yeyote.

Njia ya pili hutokea kimyakimya. Rauta nyingi zina huduma iitwayo UPnP, inayoviruhusu vifaa vya ndani kuomba vifunguliwe mlango bila kumuuliza mwenye nyumba. Ilibuniwa kurahisisha mambo kwa watu wasio mafundi. Matokeo yake ni kwamba kisanduku kinaweza kuwa wazi kwa dunia nzima na mwenyewe asijue.

Njia ya tatu ni huduma ya mtengenezaji mwenyewe, ambapo kisanduku huzungumza na seva za kampuni, nawe ukakifikia kupitia programu ya simu. Njia hii ni afadhali kuliko mlango uliofunguliwa ovyo, lakini usalama wake unategemea kampuni hiyo iendelee kuitunza.

Wengi hujiuliza: ni nani atakayenitafuta mimi? Jibu ni kwamba hatafutwi mtu. Zinatafutwa anwani. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani walionyesha programu yao, ZMap, inayoweza kupitia anwani zote za intaneti za mfumo wa IPv4 kwa kutumia kompyuta moja, katika muda usiofika dakika 45. Tangu 2009 ipo pia tovuti iitwayo Shodan, ambayo kazi yake ni kuorodhesha vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti, kama vile tovuti nyingine zinavyoorodhesha kurasa. Ufa mpya ukitangazwa asubuhi, mdukuzi anaweza kuwa na orodha ya vifaa vyenye ufa huo siku hiyo hiyo. Kisanduku kilicho sebuleni katika kijiji cha mbali na kile kilicho ofisini katikati ya jiji, kwake ni namba mbili tu katika orodha moja.

Nyufa za kweli, hasara za kweli

Visa vya miaka ya karibuni vinaonyesha kuwa nyufa hizi hazifanani, na kwamba nywila nzuri peke yake haitoshi.

Ufa uliowakumba wenye My Book Live ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ulimruhusu mtu wa nje kukipa kifaa amri yoyote. Watafiti walikuwa wameutambua mwaka 2018. Kampuni ilieleza kuwa vifaa hivyo viliingia sokoni kati ya 2010 na 2012, viliacha kutengenezwa mwaka 2014, na muda wa kuvihudumia ulikuwa umekwisha. Sasisho lao la mwisho lilitolewa 2015.

Ufa wa pili ulibainika baada ya maafa ya 2021. Ulihusu amri ya kurudisha kifaa katika hali ya kiwandani, ambayo hufuta kila kitu. Amri nzito kama hiyo hupaswa kudai nywila kwanza, na mistari ya kudai nywila ilikuwamo ndani ya programu. Lakini ilikuwa imewekewa alama inayoifanya mashine iiruke. Kampuni ilieleza kuwa mnamo Aprili 2011 wahandisi wake waliupanga upya msimbo na kuhamishia ukaguzi wa nywila mahali pengine, ila kwa amri hiyo moja ukaguzi mpya haukuongezwa. Kosa hilo lilikaa miaka kumi bila kuonekana. Lilipotumiwa, nywila ya mwenye kifaa haikuwa na kazi, kwa kuwa hakuna aliyeiuliza.

Ufa wa aina nyingine ulitangazwa mwaka 2024 katika baadhi ya visanduku vya zamani vya D-Link, vikiwemo DNS-320L, DNS-325, DNS-327L na DNS-340L. Ndani ya programu zake mlikuwa na akaunti ambayo mnunuzi hakuifungua wala hakuijua, yenye jina messagebus na isiyo na nywila yoyote. Mtafiti aliyeufichua alisema amehesabu zaidi ya vifaa 92,000 vilivyokuwa wazi kwenye intaneti. Kampuni haikutoa sasisho, kwa kuwa vifaa hivyo vilikuwa vimepita umri wa kuhudumiwa. Ushauri wake ulikuwa mmoja: viacheni, nunueni vingine. Si muda mrefu baadaye, majaribio ya kuvivamia yalianza kuonekana.

Hata kifaa kipya kinachohudumiwa vizuri hakijakingwa kabisa. Agosti 2021, kampuni ya Synology iliwaonya wateja wake kuhusu mashine zilizotekwa na wadukuzi ambazo zilikuwa zikibisha kwenye visanduku na kujaribu nywila moja baada ya nyingine. Hapo hapakuwa na ufa katika programu. Waliokuwa hatarini ni wale waliotumia nywila rahisi.

Wanaodai kikombozi

Wengine hawafuti faili. Huzifunga, kisha humwachia mwenyewe ujumbe wa kudai pesa.

Aprili 2021, wenye visanduku vya QNAP katika nchi nyingi walikuta faili zao zimefungwa moja moja kwa nywila wasiyoijua. Wadukuzi wa shambulio hilo, lililoitwa Qlocker, walitumia 7-Zip, programu ya kawaida ya kupakia faili ambayo watu wengi wanayo kwenye kompyuta zao. Walidai Bitcoin 0.01, takriban dola 550 za wakati huo, ambazo zilikuwa karibu Sh60,000. Kiasi hicho kilipimwa kwa makini: kidogo vya kutosha kumfanya mtu aone heri alipe kuliko kupoteza picha za familia, lakini kikikusanywa kwa mamia ya watu kinakuwa utajiri.

Januari 2022 likaja shambulio jingine kwa vifaa hivyo hivyo, Deadbolt, lililodai Bitcoin 0.03, takriban dola 1,100. Mwezi uliofuata liliwafikia pia wenye visanduku vya Asustor.

Kisa cha Deadbolt kina sehemu moja ya kutia moyo. Oktoba 2022, polisi wa Uholanzi walitangaza kwamba walikuwa wamepata funguo 155 za kufungulia faili za waathiriwa bila kuwatajirisha wahalifu. Mfumo wa wahalifu ulikuwa ukitoa ufunguo pindi malipo yanapoonekana, kabla hayajathibitishwa. Polisi wakatuma malipo, wakapokea funguo, kisha wakayaondoa malipo kabla hayajakamilika. Walioshughulikiwa kwanza ni waathiriwa waliokuwa wamepiga ripoti. Aliyenyamaza kwa aibu au kwa kukata tamaa hakuwa kwenye orodha hiyo.

Kulipa si dhamana. Anayedai kikombozi hana mkataba nawe, na aliyelipa mara moja anajulikana kuwa hulipa.

Diski mbili si nakala mbili

Wauzaji hupenda kusema kuwa kisanduku chenye diski mbili ni salama kwa sababu kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa kwenye ya pili. Ni kweli kwamba mpangilio huo husaidia diski moja ikiharibika. Lakini faili ikifutwa, hufutwa kwenye zote mbili papo hapo. Ikifungwa na mdukuzi, hufungwa kwenye zote mbili. Radi ikipiga, nyumba ikiungua, au mwizi akibeba kisanduku, zote mbili huenda pamoja.

Kinachomwokoa mtu siku ya mkosi ni nakala ya akiba iliyo mahali pengine, isiyoguswa na mtandao huo. Wapiga picha wana kanuni waliyoieneza mpigapicha Mmarekani Peter Krogh na wenzake, nayo ni rahisi kukumbuka: nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja nje ya nyumba. Kwa mfano, faili zikiwa kwenye kompyuta na kwenye kisanduku, nakala ya tatu iwekwe kwenye diski ya kuchomeka ambayo hukaa kwa ndugu au ofisini, na huunganishwa tu wakati wa kunakili. Mdukuzi hawezi kuifikia diski iliyo ndani ya droo.

Hatua za kuchukua

Mengi ya yafuatayo hayagharimu chochote isipokuwa muda wa jioni moja.

1. Kijue kifaa chako. Kigeuze, soma jina la mtengenezaji na nambari ya modeli, kisha uitafute modeli hiyo katika tovuti rasmi ya kampuni. Angalia sasisho la mwisho lilitolewa lini na kama kifaa bado kinahudumiwa. Ikiwa huduma imekoma, kiondoe kwenye intaneti kabisa, hamisha faili zako na upange kukibadilisha.

2. Funga milango kwenye rauta. Fungua ukurasa wa usimamizi wa rauta, tazama orodha ya milango iliyofunguliwa kwa watu wa nje na ufute usiyoihitaji. Zima UPnP. Usipojua pa kuanzia, mpigie fundi au kampuni inayokuuzia intaneti na umwambie hivi: "Nataka kifaa changu cha kuhifadhi data kisionekane kutoka nje."

3. Ukilazimika kukifikia ukiwa mbali, tumia VPN. Hii ni njia ya faragha ambayo kwanza inakuthibitisha wewe, ndipo inakuingiza katika mtandao wa nyumbani. Rauta nyingi za kisasa na visanduku vingi vinayo. Kwa namna hii, anayebisha ovyo hukutana na VPN, hakutani na kisanduku.

4. Ruhusu masasisho yajiweke yenyewe. Kisha, mara moja kwa mwezi, ingia uhakikishe kuwa kweli yanawekwa. Usisahau rauta, nayo ni kompyuta yenye nyufa zake.

5. Badilisha nywila iliyokuja na kifaa. Tumia ndefu, isiyotumika kwingine, isiyo jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Fungua akaunti mpya ya usimamizi yenye jina lako mwenyewe na uzime ile iitwayo admin, kwa sababu ndiyo hujaribiwa kwanza. Kifaa kikiwa na uthibitisho wa hatua mbili, kama ule wa kutumiwa nambari kwenye simu unapoingia katika akaunti, uwashe.

6. Ondoa programu za ziada usizotumia. Visanduku vya sasa huja na programu za kuonyesha picha, kucheza muziki, kurekodi kamera na mengineyo. Kila moja ni dirisha jingine. Ufa uliotumiwa na Qlocker ulikuwa katika programu ya ziada ya kutengenezea nakala za akiba.

7. Tengeneza nakala ya akiba na uijaribu. Kila baada ya miezi michache, chagua faili chache kutoka kwenye nakala yako na uzifungue kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Anayenunua kifaa cha mtumba ana hatua moja zaidi. Kabla ya kulipa, achukue nambari ya modeli na kuangalia kama bado kinahudumiwa. Bei nafuu mara nyingi ni dalili kwamba umri wake umekwisha. Akishakinunua, akirudishe katika hali ya kiwandani na kuweka masasisho kabla ya kuweka faili hata moja. Naye anayeuza chake asikitoe bila kufuta data iliyomo, maana picha na vitambulisho vya familia yake vinaweza kuuzwa pamoja nacho.

Wanunuzi wa vifaa vipya wana swali la kumuuliza muuzaji: kifaa hiki kitahudumiwa hadi mwaka gani? Nchini Uingereza, sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024 inawataka watengenezaji wa vifaa vya intaneti vya nyumbani kutangaza muda wa chini watakaotoa masasisho, na inakataza nywila moja rahisi kutumika kwa vifaa vyote. Sheria hiyo haifiki Kenya, lakini kampuni zinazouza huko huchapisha tarehe hizo katika tovuti zao, na mnunuzi wa hapa anaweza kuzisoma kwa modeli ile ile.

Ukishambuliwa

Ukikuta faili zimefutika, zimebadilika majina au kuna ujumbe wa kudai pesa, chomoa kwanza waya wa mtandao. Usikimbilie kuzima umeme. Wakati wa Qlocker, QNAP iliwashauri watu ambao faili zao zilikuwa bado zinafungwa wasizime kifaa, kwa kuwa nywila ya mdukuzi iliweza kupatikana kazi hiyo ikiendelea, na ikapotea kifaa kilipozimwa.

Usiandike kitu kipya kwenye diski zilizofutwa. Mara nyingi faili iliyofutwa huwa bado ipo mpaka nyingine iandikwe juu yake, na mafundi wa kurejesha data wanaweza kuipata. Baada ya mkasa wa 2021, Western Digital iliwapa waathiriwa huduma ya kurejesha data. Piga picha ya ujumbe wowote ulioachwa, andika saa na tarehe, na utunze ushahidi huo.

Kisha ripoti. Kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mtandaoni, KE-CIRT/CC, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, hupokea ripoti za namna hii. Polisi na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) pia hushughulikia uhalifu wa kompyuta. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila ruhusa ni kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Data ya wateja ina sheria yake

Mwenye picha za familia pekee akizipoteza, hasara ni yake. Mambo ni tofauti kwa shule, kliniki, chama, sako, wakili au mpiga picha anayehifadhi habari za watu wengine. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, iliyotungwa kutekeleza haki ya faragha katika Kifungu cha 31 cha Katiba, inamtaka anayehifadhi data za watu azilinde ipasavyo. Data hizo zikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa, na pakiwa na hatari ya kweli kwa wenyewe, anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Kulinda Data katika muda wa saa 72 tangu alipojua, na kuwaarifu watu hao pia.

Faini ya kukiuka sheria hiyo inaweza kufika Sh5 milioni, au kwa shirika, asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Lakini hata kabla ya faini kuna jambo zito zaidi. Mama aliyeacha historia ya ugonjwa wa mwanawe katika kliniki ya mtaani hakuulizwa kama rekodi hiyo iwekwe kwenye kisanduku cha mwaka 2012 chenye mlango wazi. Aliamini tu kwamba itatunzwa.

Waliopoteza kila kitu mnamo Juni 2021 hawakuwa wazembe kwa macho ya jirani yeyote. Walinunua kifaa cha kampuni inayojulikana, wakaweka nywila, wakakiacha kifanye kazi yake. Walichokosa ni vitu viwili: kujua kwamba mtengenezaji alikuwa ameacha kukihudumia miaka sita nyuma, na nakala ya pili iliyo mbali na intaneti. Mkaazi yeyote wa kaunti hii mwenye kisanduku cha data anaweza kuvipata vyote viwili wiki hii. Aanze kwa kukigeuza kifaa chake na kusoma nambari ya modeli.